Kipa wa Mirongo na Hadithi Zake za Besiboli

Simu iliyoniletea habari ilinikuta kwenye foleni ya mkate, na aliyepiga hakuhangaika kutaja jina. Alisema tu, "Kaka, mzee wa besiboli katutoka." Sikuuliza yupi. Ungepanda juu ya jiwe kubwa kuliko yote hapa Mwanza, na Mungu anajua mawe hatujapungukiwa, ukaita mzee wa besiboli, watu wangegeuka kuanzia Butimba mpaka ng'ambo ya ziwa, maana alikuwa mmoja tu hapa mjini, na nina hakika alikuwa mmoja tu kutoka hapa mpaka katikati ya Kongo. Kifua kilimsumbua kwa muda mfupi, akalazwa, akaomba chai ya rangi, akaenda. Kilichonitoa kwenye ile foleni bila mkate si kifo chenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu mzima aliyekwishaona wajukuu. Ni kwamba amekufa akiwa bado amefungiwa maisha na timu ya mpira ya mtaa wake kwa kosa la kuuza mechi ya fainali, na binti yake wa kwanza alikuwa ameapa kwamba baba yake hatashuka kaburini na jina hilo. Safu hii haina desturi ya kutaja watu kwa majina. Safari hii nina sababu ya kutowataja iliyo nzito kuliko desturi, nanyi mtaiona wenyewe.

Alikuwa fundi baiskeli pale Mirongo, kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kimeegemea ukuta wa duka kama mlevi aliyeegemea rafiki yake. Nilimfahamu miaka ile nikisoma jioni. Mchana nilikuwa nabeba magunia ya dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, jioni nashika kalamu kwa mikono inayonuka kiasi kwamba mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akifundisha akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Baiskeli yangu ilikuwa na tabia ya kuvua mnyororo kila nikikaribia kibanda cha yule mzee, utadhani walikuwa wamepatana. Yeye alikuwa akiupachika bila kuutazama, mikono yake mipana kama sinia za pilau ikifanya kazi peke yake, huku mdomo ukinihoji.

"Bwana Shule, leo mmesoma nini?"

"Historia, mzee. Vita Kuu ya Dunia."

"Ipi?"

"Zote mbili."

"Na besiboli mmeifikia?"

"Haimo kwenye mtihani."

"Basi bado hamjaanza kusoma. Shika usukani, nijaribu breki."

Besiboli aliipata kwa padri. Alipokuwa kijana alitunza bustani kwenye misheni moja kando ya ziwa, na paroko wake alikuwa mzee wa Kimarekani kutoka mji wa Chicago, mtu ambaye, kwa maelezo ya marehemu, aliweza kuhubiri kwa Kisukuma kizuri kuliko chifu lakini akienda kulala alikuwa akiota mchezo wa kwao. Jioni, bustani ikishamwagiliwa, padri alikuwa akikaa kwenye ngazi na kusimulia mechi zilizochezwa kabla yeye hajazaliwa na nyingine alizozisikiliza redioni akiwa mtoto. Kijana wa bustani akazimeza zote. Kwa wasomaji ambao hawajawahi kukutana na mchezo huu, nitaueleza kama nilivyoelezwa kibandani: mtu mmoja anashika rungu, mwingine anamrushia mpira mgumu kwa hasira kama anamfukuza nyani kwenye mahindi, na mwenye rungu akiupata anautandika halafu anakimbia kuzunguka uwanja na kurudi pale pale alipoanzia. Mteja mmoja, muuza maji, aliwahi kusema kwamba kukimbia ili urudi ulipokuwa ni kazi ya punda wa kinu. Mzee akamjibu, "Na wewe kila asubuhi unatoka nyumbani unaenda wapi, si unarudi?" Muuza maji hakukubali kushindwa. "Mzee, hiyo besiboli yenyewe umewahi kuiona kwa macho?" "Malaika umewahi kumwona? Mbona Jumapili unaimba?"

Hadithi yake iliyopendwa kuliko zote ni ya mkono ulionyooshwa. Fainali kubwa ya Marekani, mji huo huo wa padri, zamani za baba zetu. Mpigaji mmoja mnene, maarufu kuliko rais wa nchi, amesimama na rungu lake, uwanja mzima unamzomea, wapinzani wanamtukana kutoka kwenye benchi lao. Akanyoosha mkono kuelekea mbali. Mpira uliofuata akaupiga ukapaa ukavuka uzio, upande ule ule. Marehemu alikuwa akisimulia akiwa ameinua spana, na kwenye simulizi yake mpira ule uliondoka uwanjani, ukaondoka mjini, na sina hakika kama umeshatua. Sisi tulikuwa tukiondoka pale tukiamini kwamba mtu anaweza kutaja goli kabla hajalifunga. Lakini kulikuwa na mkia wa hadithi ambao aliutoa pole pole, wateja wakishapungua. Baba yake padri alikuwepo uwanjani siku ile, amekaa mahali pazuri, macho mazima. Mpaka anakufa hakuweza kumwambia mwanawe kama yule mtu alionyesha mahali atakapoupeleka mpira, au alikuwa anawajibu matusi wale wa benchi, au alikuwa anahesabu tu mipira iliyobaki. Watu maelfu kwa maelfu, wote wametazama mkono mmoja, na wamebishana mpaka leo. Nimesoma baadaye, siku hizi simu inakufundisha kila kitu usipoipigia mtu, na ni kweli, bado wanabishana.

Hadithi ya pili hakuwa akiinua spana. Timu ya mji ule ule, muda mfupi baada ya ile Vita Kuu ya kwanza kumalizika, ilituhumiwa kwamba wachezaji wake wanane walikula njama na wacheza kamari ili wafungwe kwenye fainali. Mahakama iliwaachia huru. Kesho yake tu mkuu wa mchezo, ambaye naye alikuwa jaji, akawafungia wote wanane maisha. Mmoja wao, alisema marehemu, hakuchukua hata senti, na kwenye mechi zile alicheza kama simba. Kosa lake ni kwamba aliijua njama, akanyamaza. Aliomba kurudishwa mpaka uzee ukamkuta anaomba, akafa na kifungo chake. Tulipokuwa tukifika hapo mzee alikuwa akizungusha tairi iliyo juu ya stendi na kuitazama ikizunguka mpaka isimame yenyewe. Siku moja aliniuliza, "Bwana Shule, wewe ungekuwa jaji, aliyenyamaza ungemfungia?" Nilikuwa nimetoka kwenye kipindi cha uraia, kichwa kimejaa haki na wajibu, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu, "Ningetaka kwanza kujua alinyamaza kwa ajili ya nani." "Hilo jaji hakuuliza," akasema, akaniambia niondoke, nachelewa darasa.

Na ya tatu ni ya mchezaji mweusi wa kwanza kukubaliwa kwenye ligi kubwa ya wazungu enzi zile za kisasa, ambaye bosi wa timu alimwita ofisini akamwambia atatukanwa, atakanyagwa, atarushiwa mipira ya kumvunja mbavu, na asijibu. Yule kijana akauliza kama bosi anataka mtu mwoga asiyeweza kupigana. Bosi akamwambia anataka mtu mwenye ujasiri wa kutopigana. Na kweli walimtukana kila mji alioingia, naye alikuwa akijibu kwa kukimbia tu. Vijana wa Mirongo hawakuipenda hadithi hii. Walitaka amtandike mtu kwa lile rungu, hata mmoja, kidogo tu. Mzee alikuwa akicheka, "Nyie mnapenda sinema. Huyu alikuwa na kitu cha kulinda nyuma yake, angejibu kingevunjika." Nami nilikuwa nacheka nao. Leo sentensi ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki ningu.

Sasa niseme kile ambacho kila mtu mtaani alikijua. Kabla ya spana, mikono ile ilikuwa ya kipa, na wazee wanasema hapakuwa na kipa kama yeye kanda hii. Wengine wanadai aliwahi kudaka penalti kwa mkono mmoja huku wa pili akifunga kamba ya kiatu, na mimi sioni sababu ya kuwakatalia. Timu ya mtaa ilifika fainali ya kugombea dume la ng'ombe, dume lenyewe limefungwa pembeni ya uwanja wa shule linawatazama, na wapinzani walikuwa wamevuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, pamoja na ngoma zao. Wakati ule timu isiyo na kamati ya ufundi haikuhesabiwa kuwa timu, na nikisema ufundi, msomaji wa Kanda ya Ziwa haniulizi ni ufundi wa nini. Wachezaji wetu waliingia uwanjani kwa kuruka ukuta ilhali geti lilikuwa wazi. Walikatazwa kushikana mikono na mgeni yeyote. Walikula chakula cha mpishi mmoja aliyekuwa akionja kila sufuria kwanza, na akanenepa. Ikawa sare mpaka dakika za mwisho. Ndipo mpira mmoja ukatoka miguuni mwa mtu wa visiwani, dhaifu, unabingirika, mpira ambao mtoto anayetambaa angeuzuia, ukaelekea nguzo ya kushoto. Kipa wetu alikuwa amejibanza nguzo ya kulia, uso ameugeuzia upande. Hakuuendea. Dume likapanda meli.

Mke wake alikuwa mtu wa Ukerewe. Mtaa haukuhitaji ushahidi mwingine. Jioni ile ile aliitwa kikaoni na nahodha akamuuliza mbele ya watu, "Kwa nini hukuuendea mpira?" Akajibu, "Sikuuendea." Wakamuuliza tena kwa ukali, akajibu neno lile lile moja, akavua glavu akaziweka mezani. Wakamfungia maisha. Mimi sikuwepo, nilikuwa bado sijahamia mjini, lakini nimesimuliwa goli lile na watu wengi sana waliokuwepo. Ukiwakusanya wote wangejaza viwanja vitatu na wengine wakakaa juu ya miti. Wapo waliomwona akikonyeza. Wapo waliomwona akicheka. Mmoja alimwona akihesabu noti kabisa, katikati ya mechi, na kaptula yake haikuwa na mfuko.

Basi msibani. Turubai limefungwa, wanaume tumekaa nje, wanawake wako ndani, marehemu anasubiriwa kutoka hospitali. Mwenyekiti wa timu alifika na ujumbe wake. Mwenyekiti huyu ndiye aliyekuwa nahodha siku ile, leo ni mzee wa tumbo na kofia. Alitoa rambirambi, akatoa pole, halafu akasema kwa sauti ya ukarimu kwamba timu imekaa na imemsamehe marehemu, na kwamba wachezaji wako tayari kumbeba wakiwa na jezi. Wazee wakaitikia kwa kuridhika. Ndipo binti akasimama mlangoni. Ni mwalimu, amezoea madarasa yenye watoto wengi kuliko madawati, hana haja ya kupaza sauti.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante. Naomba kuuliza. Baba anasamehewa nini?"

Mwenyekiti alirekebisha kofia yake kichwani. "Mama, haya ni mambo ya zamani. Tumeyamaliza."

"Nyinyi mmeyamaliza. Mimi nimekulia humo. Shuleni nilikuwa naitwa mtoto wa dume la ng'ombe. Kama aliuza, semeni aliuza, mkae na jezi zenu, tutambeba wenyewe. Kama hakuuza, msimsamehe. Semeni mlikosea."

Mama yake akaita kutoka ndani, "Mwanangu, rudi ukae." Aliita mara ya pili, na nilisikia katika sauti ile hofu ambayo haikufanana na huzuni ya mjane. Wakati huo sikuielewa. Watu walianza kuguna, mzee mmoja akasema watoto wa siku hizi, na mwenyekiti alikuwa anafungua mdomo kutafuta njia ya katikati, nyie mnawajua wenyeviti, pale kikongwe mmoja alipotoka nyuma ya binti akiwa ameshika fremu ya mlango. Bibi mdogo wa umbo, kanga imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Ni mama mzazi wa mjane. Mama mkwe wa marehemu.

"Nisameheni, wanaume, nakuja mlipo," akasema. Mtu akampa kiti, hakukaa. "Mwenyekiti, wewe siku ile ulikuwa na kitambaa mkononi. Nakukumbuka. Ulikuwa mwembamba."

Watu wakacheka kidogo, hata mwenyekiti. "Ni kweli, bibi. Maisha yamenijalia."

"Nyuma ya goli lenu, nguzo ya kushoto, alisimama nani?"

"Watu walijaa, bibi. Nitajuaje?"

"Nilisimama mimi."

Hapo hakucheka mtu. Bibi akaeleza kwa Kiswahili chake cha kisiwani, bila haraka. Alikuwa amevuka na meli kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza aliyezaliwa, huyu mwalimu. Hakujua njia ya kwenda nyumbani. Alifuata watu wa kwao na ngoma zao akidhani watampeleka, wakampeleka uwanjani, akasukumwa mpaka mbele. "Mimi sijui mpira. Nikaona mtu mrefu amenipa mgongo, amevaa kaptula. Akageuka. Ni mkwe wangu. Yeye akainamisha macho. Mimi nikajifunika. Nikataka kutoka, nyuma watu wamebana. Akaona siwezi kutoka, akasogea yeye, akaenda nguzo ile nyingine, akageuza uso. Sasa mpira si ukaja kwangu? Ukaja miguuni pangu, taratibu, kama kuku anayerudi bandani. Angeurukia, angeniangukia."

Wasomaji vijana mnaopiga picha na mama wakwe zenu mmewekeana mikono mabegani, naomba mnielewe hapa. Kwa watu wa rika la marehemu mama mkwe si mtu wa kutazamana naye. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye nyasi, apite. Huli mbele yake. Humwonyeshi mapaja, wala huna ruhusa hata ya kugusa upindo wa kanga yake. Mtu aliyelelewa hivyo, mwili wake unajibu kabla ya akili, kama mkono unavyokimbia moto. Kipa wetu alikuwa na ujuzi wa kuruka popote duniani isipokuwa pale.

Mwenyekiti alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. "Bibi, mbona hakusema? Nilimuuliza mimi mwenyewe. Angesema neno hilo moja tu, tungeelewa. Sisi sote tuna wakwe."

"Mngeelewa?" bibi akasema. "Mlipokuwa mnamuuliza, wenzenu walikuwa wanafanya nini uwanjani?"

Bibi akajijibu mwenyewe.

"Walikuwa wanachimba. Nyuma ya goli. Walikuwa wanatafuta dawa iliyofukiwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa mtu hapo jirani, naona majembe. Mkwe wangu naye aliyaona. Angewaambia kwamba pale pale mnapochimba alisimama mjane mtu mzima kutoka kisiwani, na macho haya, mngeacha kuchimba?" Akaisogeza kanga. Bibi huyu ameishi kwa kukausha samaki kwa moshi tangu usichana wake, na macho yake ni mekundu kama makaa yanayozimika. Hapa kwetu wanawake wameitwa wachawi wakauawa kwa macho kama yale, kwa moshi wa jikoni na si kingine chochote, na wote tuliokuwa chini ya turubai tulilijua hilo. Wengine pale wana shangazi zao waliokwenda hivyo.

Mjane alikuwa amefika mlangoni, analia kimya. Alisema mume wake alimwapisha siku ile ile. Kwamba mtaani wamwite watakavyo, jina linaweza kuokotwa siku yoyote, mama mkwe akishapotea haokotwi. Na kwamba yeye kwa miaka yote hiyo amekuwa akipika na kufua katikati ya watu wawili, kila akifikiria kumsafisha mmoja anamwona mwingine analala peke yake kwenye nyumba ya makuti huko kisiwani.

Mwenyekiti akavua kofia. Sijui mnaweza kupima ugumu wa jambo hili kwa mtu aliyekula heshima ya mtaa maisha yake yote, lakini alisema. "Timu inafuta msamaha. Hapakuwa na cha kusamehe. Tulikosea sisi, na aliyemuuliza swali ni mimi." Binti akakaa chini pale pale kizingitini kama mtu aliyetua mzigo asiojua ulikuwa mzito kiasi gani. Kesho yake wachezaji walimbeba mzee wa besiboli wakiwa na jezi, na yule muuza maji wa zamani alilia kuliko ndugu.

Ningependa kuishia hapo, na mhariri wangu, ambaye anapenda watu wakimaliza ukurasa wawe na hamu ya kula, angependa zaidi. Lakini mwenyekiti alipokuwa bado ameshika kofia mkononi, nyuma yangu walikuwepo vijana wawili wa timu, na mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe dawa yenyewe ilikuwa imesimama wima." Mwenzake akasema, "Si umeyaona macho?" Wakacheka kidogo, kicheko cha pua. Vijana wenyewe si wabaya. Mmoja ndiye aliyefunga turubai na kuchota maji usiku kucha. Mwenyekiti aliwasikia, kwa sababu aliinua macho. Bibi naye aliwasikia. Aliifunika kanga yake, akaingia ndani.

Tangu hapo silali vizuri, na mimi kwa kawaida hulala mpaka majirani wanakuja kuangalia kama nipo. Nawaza zile hadithi kibandani. Nilidhani mzee anatuburudisha kwa mambo ya Wamarekani wa zamani, kumbe kila jioni alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kufikiri. Yule aliyejua akanyamaza akafungiwa. Yule aliyeambiwa asijibu. Ule mkono ambao uwanja mzima uliutazama na hakuna aliyejua umesema nini. Alikuwa akituwekea mezani jambo lake lile lile kwa sura tatu, nasi tukabishana kuhusu umbali wa mpira. Simlaumu mtu kwa hilo. Hadithi ilikuwa tamu na mnyororo ulikuwa umeshapachikwa. Ila najiuliza kuhusu sisi watu wa ziwa, hodari wa kusamehe kitu ambacho hakikutendeka na wepesi wa kuona kitu ambacho hakikuwepo. Mzee hakunyamaza kwa sababu ni mpole, wala kwa ajili ya mila za ukwe peke yake. Alinyamaza kwa sababu alitujua. Alitupima jioni ile, watu na majembe yao, akaamua kwamba ukweli mikononi mwetu ni silaha. Bibi amekaa miaka yote hii, halafu kwa ajili ya jina la mkwe wake ameamua kutujaribu tena.

Hajarudi Nansio. Binti amemkatalia, anasema angalau mpaka watu wapoe, na bibi analalamika kwamba samaki hawakaushwi kwa kukaa kitandani kwa mwalimu. Nilikwenda kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema, "Andika. Na wale waliocheka, uwaandike." Nikamwahidi. Akaniuliza gazeti likitoka nani atamsomea, yeye hajui kusoma. Nikasema nitakuja mwenyewe. "Uje," akasema. "Ukimaliza kunisomea, uniambie wameelewa nini, nijue kama napanda meli." Nimerudi nyumbani, nimekaa na kalamu, nimeandika yote aliyonituma. Hilo la mwisho siwezi kuliandika mimi. Nasubiri nilisikie kwenu.